Nani Anashika Mlango? Funzo la Miaka 500 kwa Hasla wa Machakos

MSIMU wa maembe ukifika, kuanzia mwezi wa Desemba hivi, barabara za vumbi za Mwala na Yatta hubadilika. Malori na pikapu huegeshwa chini ya miti. Vijana wanapanda na magunia, wengine wanapanga kreti, na pale kivulini utamwona jamaa mmoja ameshika simu na kijidaftari. Huyo ndiye broka. Hapandi mti, wala hana shamba hapo. Lakini bei ya siku ni yeye anayeitangaza.

Msimu mmoja nilikuwa kijijini kwa susu yangu, nikamwona akihesabiwa maembe yake kwa shilingi tano tano. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimenunua embe kama hilo Nairobi kwa shilingi thelathini. Mimi ndiye niliyekasirika, si yeye.

"Susu, mbona umekubali? Huyu mtu anakunyonya."

"Mwana wakwa, embe halingoji," akanijibu bila hata kugeuka. "Kwani wewe una lori?"

Sikuwa na lori. Nilikuwa na simu na bando ya siku moja. Nikanyamaza.

Lakini swali hilo la lori lilinikaa kichwani. Nikaanza kusoma historia ya biashara ya huku kwetu, ile ambayo shuleni tuliipitia mbio mbio ili tupite mtihani. Nilichokuta ni kwamba susu hakuwa wa kwanza kukwama hapo. Kwa miaka zaidi ya 500, kuanzia Mombasa hadi milima ya Iveti, hadithi imekuwa moja: anayeshika mlango ndiye anayepanga bei. Na kila mara watu wa huku walipojipatia mlango wao, hata kwa muda mfupi, maisha yalibadilika.

Tuanzie mbali kidogo, baharini, ndipo turudi nyumbani.

Waliouza ruhusa

Mwezi wa Aprili mwaka 1498, meli za Mreno Vasco da Gama zilifika Mombasa, kisha Malindi, zikielekea India. Walichokikuta pwani si kijiji kilicholala. Walikuta miji ya mawe iliyokuwa ikifanya biashara na Uarabuni, Uajemi na India kwa karne nyingi. Pembe za ndovu na dhahabu zilitoka, nguo na shanga ziliingia. Nguo za pamba kutoka Gujarat, India, ndizo zilizokuwa kama pesa: bila nguo hizo hupati pembe.

Shida ya Wareno ilikuwa hii: bidhaa zao hazikuwa na mvuto. Da Gama alipofika Calicut mwaka huo huo, zawadi alizompelekea mtawala zilichekwa. Sasa mtu asiye na bidhaa inayotakikana anaingiaje sokoni? Wareno walipata jibu. Walikuwa na mizinga kwenye meli. Mwaka 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kilishambulia Kilwa na Mombasa na kupora mali. Na kwa kuwa huwezi kupora kila siku, wakaanzisha mpango wa kudumu: meli ya mfanyabiashara ilitakiwa kuwa na cheti walichokiita cartaz. Ukikutwa baharini bila cheti, shehena yako inaweza kutwaliwa, na chombo nacho.

Yaani walichouza si bidhaa. Waliuza ruhusa.

Mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, Fort Jesus, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Tukienda Mombasa kwa ziara ya shule tunapigia picha mizinga, lakini hatuulizi ngome ilijengwa pale kwa sababu gani. Iangalie tena. Imekaa mlangoni pa bandari. Hakuna chombo kilichoingia bandari ya zamani bila kupita chini ya mizinga ile. Ni kama kizuizi cha barabarani, ila cha mawe na kinachotazama bahari.

Hata hivyo, mlango haukuwa mmoja. Wareno walishika upande wa bahari, lakini upande wa bara ulishikwa na watu wengine, wale ambao Wareno waliwaita Mosungulos, waliokuwa wakiishi ng'ambo ya kisiwa. Chakula cha Mombasa kilitoka kwao, na njia ya kuelekea bara ilipita kwao. Wakawa wanapewa nguo ili mambo yatulie. Mwenye ngome alilipa ili apate mtama. Shika hilo, tutalirudia.

Wareno walitolewa Mombasa mwaka 1698 baada ya Waomani kuuzingira mji kwa zaidi ya miaka miwili. Meli moja iliyotumwa kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichimbua mwishoni mwa miaka ya 1970. Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728, mwaka uliofuata wakaondoka kabisa.

Wameondoka, lakini wametuachia maneno. Ukisema meza, bendera, mvinyo au leso, unatumia Kireno. Hata gereza limetoka kwenye neno lao la kanisa. Leso asili yake ni kitambaa cha mkononi. Wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa havijakatwa, wakavishona pamoja, na hapo ndipo ilipozaliwa leso tunayoijua. Na yale mahindi ya muthokoi unaokula kwa susu? Asili yake ni bara la Amerika, na wanahistoria wengi wanaona ni meli za Wareno zilizoyafikisha huku.

Wakamba waliozunguka mlango

Sasa tupande bara.

Ukambani ni nchi ya mvua za kubahatisha. Njaa ilipopiga, watu walibeba walichokuwa nacho wakaenda kutafuta chakula kwa majirani. Safari hiyo iliitwa kuthuua. Walibeba vitu walivyovijua vizuri: mishale na sumu yake, minyororo myembamba ya chuma na shaba, tumbaku, ngozi. Walienda kwa Wakikuyu, Waembu na kwingineko. Wanahistoria kama Isaria Kimambo na John Lamphear, walioandika kuhusu jambo hili kuanzia mwaka 1970, wanaonyesha kwamba biashara kubwa ya Wakamba ilikulia humo humo, ndani ya safari za kutafuta chakula. Njaa iliwafundisha njia, lugha na marafiki.

Halafu kuna pembe. Pwani walizitaka, na Wakamba walikuwa wawindaji hodari. Mwanzoni pembe zilipitia mikononi mwa Wamijikenda, ambao ndio walioshika ule mlango wa bara niliosema. Wakamba wakaona faida inabaki njiani. Wakafanya kile ambacho kila hasla anakiota: wakazunguka broka. Baadhi yao walihamia karibu na pwani, nyuma ya Mombasa, na hadi leo kuna jamii za Wakamba katika kaunti za Kwale na Kilifi. Kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba yenye mamia ya watu ilikuwa ikishuka pwani yenyewe, ikibeba pembe na kurudi na nguo, shanga, chumvi na waya wa shaba.

Jina kubwa la wakati huo ni Kivui Mwenda wa Kitui, ambaye vitabu vya Wazungu vinamwita Kivoi. Alikuwa mfanyabiashara mwenye marafiki kuanzia pwani hadi ng'ambo ya mto Tana. Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa Rabai, alisafiri hadi kwake mwaka 1849, na ni katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, ndipo alipouona Mlima Kenya. Vitabu husema Krapf "aligundua" mlima. Lakini Krapf alifikaje pale? Alipita njia za misafara, akawa mgeni wa mtu ambaye biashara yake ilikuwa imeshamfikisha huko zamani. Kivui aliuawa mwaka 1851 karibu na Tana, msafara wake uliposhambuliwa akiwa pamoja na Krapf huyo huyo.

Na pembe zilienda wapi? Kufikia wakati huo Zanzibar ya Seyyid Said ilikuwa imefungua milango kwa Wamarekani, waliotia saini mkataba naye mwaka 1833. Kitambaa chao cha pamba kilienea hadi kikapata jina kwa Kiswahili: merikani. Pembe nyingi zilizotoka Afrika Mashariki ziliishia kwenye viwanda vya Connecticut, Marekani, zikachongwa kuwa vibonyezo vya piano. Kwa hivyo pembe iliyobebwa begani na kijana wa Ukambani huenda ilimaliza safari sebuleni, chini ya vidole vya binti wa New York. Yule kijana alilipwa kwa nguo. Bei ya piano hakuwahi kuisikia.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Wakamba hawakuwa malaika. Wao pia walikuwa mabroka kwa wengine: walinunua pembe kwa majirani wa ndani zaidi na kuongeza bei njiani, na baadhi yao waliingia kwenye biashara ya watumwa. Ndovu nao waliuawa hadi wakaadimika. Na kuanzia miaka ya 1850 na kuendelea, misafara ya Waarabu na Waswahili ilianza kupanda bara yenyewe ikiwa na bunduki nyingi na mikopo ya matajiri wa pwani, wengi wao Wahindi. Wakazungukwa kama walivyozunguka wengine. Mlango ukahama.

Mji ulioachwa na reli

Mji wa Machakos wenyewe ni mtoto wa biashara. Jina ni la Masaku, mtu mashuhuri aliyeishi eneo hili kabla ya Wazungu, ila ndimi za wageni zikalipinda. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipata hati ya Malkia mwaka 1888, ikajenga kituo hapa muda mfupi baadaye. Kwa nini hapa? Kwa sababu misafara ya kuelekea Uganda ilihitaji chakula, na milima ya Iveti ilikuwa nacho. John Ainsworth alipowekwa kusimamia kituo mwaka 1892, kazi yake kubwa ilikuwa kununua nafaka na kuzihifadhi. Kabla ya Nairobi kuwa mji, Machakos ilikuwa duka la njiani.

Kisha ikaja reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na njiani ikapita Athi River, ikauacha mji wa Machakos kando. Mwaka huo huo makao ya utawala yakahamishiwa Nairobi. Wapagazi waliokuwa wakilipwa kubeba mizigo wakakosa kazi, na soko la chakula cha misafara likafa. Hakuna aliyewashinda watu wa Machakos kwa bidii. Mlango uliwekwa kwingine, basi.

Ng'ombe wa mwaka 1938

Kisa kinachoniuma zaidi kinahusu ng'ombe.

Miaka ya 1930 mashamba ya walowezi yalikuwa yamewabana Wakamba kwenye eneo la hifadhi, ukame ukafuatana na nzige, na udongo ukawa unabebwa na maji. Mwaka 1937 afisa wa kilimo Colin Maher aliandika ripoti nzito kuhusu mmomonyoko wa udongo wa Machakos. Serikali ya mkoloni ikaamua kwamba tatizo ni ng'ombe: wamezidi, lazima wapunguzwe.

Wapunguzwe vipi? Wauzwe kwa lazima. Na hapa ndipo historia ya biashara inapokuonyesha kitu ambacho historia ya siasa pekee haitakuonyesha. Wakati huo huo kampuni ya Liebig's ilikuwa inafungua kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda kinahitaji ng'ombe wengi kwa bei ya chini. Kwa hivyo mwaka 1938 mkulima wa Iveti alijikuta kwenye mnada ambao hakuuomba, siku ambayo hakuichagua, mbele ya wanunuzi wachache wanaojuana. Mwambie basi kwamba huo ni "mnada".

Alitokea kijana wa Ngelani, Samuel Muindi Mbingu. Yeye na wenzake waliunda Ukamba Members Association, na katikati ya mwaka 1938 zaidi ya watu elfu moja, wakiwemo wanawake na watoto, walitembea kwa miguu hadi Nairobi kumwona Gavana Brooke-Popham. Walipiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Hawakupigana. Walikaa tu. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa lazima.

Leo Muindi Mbingu ni barabara katikati ya Nairobi, na wengi tunaipita tukienda City Market bila kumjua mwenye jina. Alichodai kwa maneno mepesi ni haki ya muuzaji kusema: leo siuzi. Bila haki hiyo, hakuna soko. Kuna unyang'anyi tu wenye risiti.

Mlango ukifunguka

Je, ni kweli kwamba wakulima wa Machakos walikuwa wanaharibu udongo kwa kutojua? Jibu lilikuja miaka zaidi ya 50 baadaye. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Mkenya Francis Gichuki walichapisha kitabu kinachosomwa hadi leo katika vyuo vikuu duniani, More People, Less Erosion. Walilinganisha wilaya ya Machakos ya miaka ya 1930 na ya mwaka 1990, wakati Makueni ilikuwa bado ndani yake. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano. Kwa hesabu za wakoloni, nchi ingekuwa jangwa. Badala yake walikuta matuta kila kilima, miti mingi zaidi na mavuno ya thamani kubwa zaidi kwa kila mtu.

Nini kilibadilika? Mambo mengi, lakini moja ni soko. Hadi miaka ya 1950 Mwafrika wa Machakos hakuruhusiwa kupanda kahawa. Aliporuhusiwa, shamba likawa na faida ya kulipia jasho la kuchimba matuta. Nairobi nayo ikakua, ikahitaji matunda na mboga. Na kazi yenyewe ilifanywa kwa mwethya, vikundi vya kusaidiana ambavyo kwa sehemu kubwa vilibebwa na wanawake. Watu wale wale walioitwa wavivu na wajinga walipanga upya milima yao. Walichokosa si akili, ni sababu ya kuwekeza.

Vinyago vya Wamunyu

Kisa cha mwisho kiko Mwala, pale Wamunyu. Vile vinyago vya twiga na Wamaasai unavyoviona kwenye maduka ya watalii, mizizi yake iko hapo. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu, alichukuliwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kupelekwa Tanganyika, na huko akajifunza kwa Wazaramo uchongaji wa kuuza. Alirudi nyumbani na ufundi huo. Kwanza ulibaki kwa jamaa yake, kisha ukaenea kijiji kizima, kisha Ukambani kote.

Kufikia miaka ya 1950 biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwanauchumi Walter Elkan aliandika makala kuihusu mwaka 1958. Alikuta wachongaji na wachuuzi wanaosafiri hadi nchi jirani na vinyago, na vingine vikienda ng'ambo kwa makreti. Hakuna serikali iliyowafundisha, hakuna benki iliyowakopesha.

Lakini mlango tena! Aliyekuwa na duka mjini na anwani ya mnunuzi wa Marekani ndiye aliyepanga bei. Mchongaji aliuza kwa njaa ya siku hiyo. Ndipo miaka ya 1960 wachongaji walipoanzisha vyama vyao vya ushirika, Changamwe kule Mombasa na nyumbani Wamunyu. Chama kikawa na ukumbi wa maonyesho, mchongaji akaandika bei na namba yake kwenye kinyago, na chama kikapata oda za ng'ambo moja kwa moja. Ni ule ule mwethya, ila safari hii wa kuuza.

Haikuwa peponi. Miti ya mpingo na muhugu ilikatwa hadi ikaadimika, kama ndovu wa Kivui, na wachongaji ikabidi wahamie mwarobaini na mwembe. Watalii wakipungua, ukumbi hujaa vumbi. Lakini maelfu ya watoto walisomeshwa na twiga wa mbao, na wengine wao leo ni walimu na madaktari.

Nani anashika kalamu?

Sasa angalia kitu. Tunajuaje haya yote? Habari za Mombasa ya zamani nyingi ziko kwenye barua za Wareno, zilizohifadhiwa Lisbon na Goa. Habari za Kivui ziko kwenye shajara ya Krapf. Habari za mnada wa ng'ombe ziko kwenye ripoti za maafisa wa wilaya. Karibu kila mara, aliyeshika mlango ndiye pia aliyeshika kalamu. Kivui hakuacha daftari. Hatujui aliwalipa wapagazi wake kiasi gani, wala nani alimkopesha, wala msafara gani ulimtia hasara.

Ndiyo maana watafiti kama Kimambo na Lamphear hawakutosheka na karatasi. Walienda vijijini wakakaa na wazee, wakasikiliza masimulizi, kisha wakayalinganisha na maandishi. Karatasi ikisema "wenyeji waliuza ng'ombe", mzee anasema "tulilia siku hiyo". Ukiweka hayo mawili pamoja ndipo unapoanza kuelewa bei.

Na kazi hii haihitaji uwe profesa. Ukishuka katikati ya Nairobi, mkabala na ilipokuwa Hilton, kuna jumba la Kumbukumbu za Kitaifa. Ndani yake ziko faili za wilaya ya Machakos, zimepangwa chini ya herufi DC/MKS. Mwananchi yeyote anaweza kujiandikisha na kusoma. Lakini hata kabla ya kupanda matatu, una kumbukumbu nyumbani: risiti za kahawa za babu zilizo kwenye sanduku la bati, kadi ya ushirika, kitabu cha chama cha akina mama. Vitu hivyo ndivyo tunavyovichoma tukisafisha nyumba.

Turudi chini ya mwembe

Najua utauliza: sawa, yote hayo yanamsaidia vipi kijana anayeuza maembe, mchanga au nguo za mtumba? Nami sitakudanganya kwamba historia inajaza tangi la lori. Lakini inakupa maswali ya kuuliza kabla hujakasirika.

Swali la kwanza: mlango wa biashara yangu uko wapi hasa? Kwa Wareno ulikuwa bandari, kwa Liebig's ulikuwa kiwanda, kwa susu ni lori. Broka si shetani. Yeye ndiye anayelipia mafuta, ushuru wa soko, na maembe yanayooza njiani. Lakini ukishajua anachokishika ni lori, unajua pia unachohitaji. Huhitaji hotuba, unahitaji watu kumi wa kukodi lori moja.

Swali la pili: nani mwingine amekwama hapa pamoja nami? Mkamba mmoja na pembe moja asingefika pwani. Walienda mia kwa mia. Mchongaji mmoja asingepata oda ya ng'ambo.

Swali la tatu: naweza kusema "leo siuzi"? Embe halingoji, susu alisema kweli. Lakini embe lililokaushwa linangoja, na juisi inangoja. Anayeweza kungoja hata wiki moja tayari ana nusu ya mlango.

Na la nne: nimeandika? Bei ya leo, aliyenunua, kilichooza, deni la nani. Kwanza itakusaidia mwakani kujua kama ulipata au ulipoteza. Halafu, miaka 100 ijayo, mtu akitaka kujua vijana wa Machakos waliishi vipi, asilazimike kusoma kijidaftari cha broka.

Msimu uliofuata nilirudi kijijini nikiwa na daftari la shilingi hamsini. Niliandika kila mti, kila hesabu, kila bei. Susu na majirani zake sita walikubaliana kuchanga gari moja hadi Marikiti, mara moja tu, kujaribu. Ukitoa nauli na ushuru na yale yaliyopondeka, kila embe lilitulipa shilingi kumi na moja. Si shilingi thelathini. Lakini si tano.

Nikamsomea hesabu. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akauliza swali ambalo bado sina jibu lake.

"Na huko Marikiti," akasema susu, "mlango wake ameushika nani?"